Tabora ilikuwa jiji kabla ya reli

Waheshimiwa madiwani, walimu wangu, ndugu zangu wa Tabora, shikamooni wakubwa.

Swali la "lini na sisi tutakuwa jiji" nimelikuta hata mlangoni hapa. Kisheria halina uzito: serikali ikitangaza, imekwisha. Dodoma ilitangazwa Aprili 2018. Uingereza hadhi hiyo hutoka kwa mfalme, ndiyo maana St Davids kule Wales, isiyofikisha watu 2,000, ni jiji, na Reading yenye zaidi ya 150,000 si jiji. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2020 ulipitisha kipimo cha vichwa: watu 50,000 waliosongamana, angalau 1,500 kwa kilomita ya mraba.

Vichwa peke yake havinishibishi. Jirani zetu Kasulu kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyowahi kuwa na watu zaidi ya laki moja. Nani anaiita jiji? Wakazi wake wamepokelewa kwa kuandikishwa, wanakula mgao, na kutoka nje mpaka kibali.

Sasa itazameni Kaze, Tabora ya zamani. Matembe yametawanyika, katikati mashamba. Aliyezoea ghorofa angepita akidhani ni kijiji. Lakini misafara ya Bagamoyo iliishia hapa kwanza. Mizigo ya vitambaa vya merikani na shanga ilifunguliwa, wapagazi wakalipwa, wengine wakatafutwa wa kwenda Ujiji au Karagwe. Novemba 1857 walifika Burton na Speke, wavumbuzi Waingereza. Wapagazi wao Wanyamwezi wakatua mizigo, wakaenda zao makwao (nani angewalaumu?), na wale mabwana wakakwama zaidi ya mwezi. Aliyewapa nyumba na kuwaeleza habari za bara ni Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, naye mgeni vilevile. Mimi jiji nalitambua hapo: mgeni anampokea mgeni, na wote wana shughuli.

Na ugomvi wa jiji ulikuwepo pia. Mtemi Mnywa Sele alipodai ushuru wa bidhaa, Waarabu walimgeuka, ikawa vita ya miaka. Watu hawapigani hivyo kwa ajili ya ushuru wa mahali pasipo na biashara.

Reli ilifika 1912, upagazi ukafa. Miaka miwili baadaye ikafika Kigoma, na baadaye tawi la Mwanza likaanzia hapa. Tukapata stesheni ya kubadilishia treni, jambo la heshima, lakini abiria ananunua asali, anapanda behewa, anaondoka. Tumbaku ndiyo inayoniuma zaidi. Inalimwa Urambo na Sikonge, kisha inasafirishwa hadi Morogoro kusindikwa. Zamani mzigo wa mtu wa mbali ulifunguliwa Tabora. Leo hata wa kwetu unapita umefungwa.

Diwani akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia aanze na mzigo huo, na ubao wa "Jiji" usubiri kidogo. Nawasikiliza. Mzee pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Mnywa Sele, tumpe yeye kwanza.