Usimalize galoni: kupima oili baada ya kubadilisha mwenyewe nyumbani

Shikamooni wazee, vijana habari zenu, kina mama karibuni sana na asanteni kwa kuja Jumamosi hii na jua lote hili. Nimeombwa niongelee kubadilisha oili ya injini nyumbani, ila kufungua nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kufunga filta wengi humu mshaiona ikifanyika, na wengine mnafanya wenyewe uani, kwahiyo hiyo sitaikalia. Nataka tukae pale mwishoni, oili mpya ishaingia, mtu kashika dipstiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, au stiki ya oili kama wengi tunavyoiita, anaigeuza geuza juani na hajui anaona nini. Hapo ndo injini nyingi zinaumizwa, na wanaoziumiza ni watu wanaozipenda gari zao.

Hii galoni mezani mnaiona, ni ya lita 4. Na hapo nje kuna IST, injini 1NZ ya cc 1500, ileile iliyopo kwenye Probox na Corolla nyingi tunazopishana nazo kila siku. Nimeimwaga oili na kubadilisha filta kabla hamjafika, nikamimina lita 3 na nusu, nikawasha kidogo, nikazima, ndo nikaingia humu ndani. Kwenye galoni imebaki nusu lita. Hiyo nusu lita muiweke kichwani.

Sasa 1NZ ukibadilisha pamoja na filta inabeba lita 3.7, filta usipoigusa ni 3.4, ndo vipimo vya mtengenezaji hivyo. Galoni ni 4. Mnaona tatizo linapoanzia. Fundi anafungua galoni, anaipindua mdomo chini, anaiacha hapo mpaka idondoke tone la mwisho, kwa sababu mwenye gari kalipia lita nne na fundi hataki aonekane kabakisha ya kwake, na mwenye gari nae kasimama pembeni anahakikisha hakuna kilichobaki. Wote wawili wana nia njema kabisa. Lakini tayari wamezidisha robo lita na ushehe, na hapo tunachukulia ile ya zamani ilitoka yote, wakati mara nyingi haitoki yote, gari ilikuwa imepigwa jeki upande mmoja au mtu alikuwa na haraka akarudisha nati oili bado inachuruzika. Na Passo ya silinda tatu ndo kabisa, ile inabeba lita 3 na kitu kidogo, galoni nzima ikiingia umezidisha zaidi ya nusu lita.

Mtu ataniambia kuzidi si bora kuliko kupungua? Hii kauli naisikia kila wiki na inaniuma. Oili inakaa chini kwenye sampo, na juu yake kidogo tu kuna krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inazunguka, ukiwa barabarani inazunguka mara elfu mbili, elfu tatu kwa dakika. Oili ikipanda mpaka kufikiwa na ile krankshafti inachapwa, inachanganyika na hewa, inakuwa povu kama la sabuni. Pampu ya oili ikivuta povu haivuti oili, inavuta hewa, presha inashuka na zile metali zinazobeba krankshafti zinakosa ule utando wa oili unaozitenganisha na chuma. Yani umeweka oili nyingi na injini inakaukiwa palepale. Nyingine inarushwa mpaka kwenye ule mpira wa kupumulia injini, inaingia kwenye hewa inayoenda kwenye silinda, inaungua, unaona moshi wa bluu.

Shangazi yangu lilimkuta hili. Alipeleka gari sehemu wakambadilishia oili, galoni nzima, halafu wakaongeza na lita moja juu yake eti injini ya zamani inakula oili. Lita 5 kwenye injini ya 3.7! Siku ya pili gari inatoa moshi, ya tatu akaambiwa ringi za pistoni zimekwisha, andaa hela ya ovaholi, yani kufungua injini nzima. Mama wa watu akaanza kuulizia mkopo kwenye kikoba. Jioni nikampitia, nikachomoa stiki, oili imepita alama ya juu kwa mbali sana na ina vipovu vidogovidogo kama soda iliyotikiswa. Nikachukua sirinji kubwa ile ya mililita 60, nikaunga mpira mwembamba wa dripu, nikaupitisha pale pale kwenye tundu la stiki mpaka chini, nikawa navuta na kumwaga kwenye dumu huku tunahesabu wote kwa sauti. Tulifika ishirini na moja. Lita moja na robo. Moshi uliendelea siku kama mbili, wa ile iliyokuwa imeshaingia njia ya hewa, halafu ukakata, na ile injini mpaka leo haijafunguliwa. Ndo maana naongea hivi kwa uchungu, ovaholi ilikuwa inaenda kufanyika kwa sababu hamna mtu aliyevuta stiki akaisoma vizuri.

Haya, kusoma kwenyewe. Kitu cha kwanza ni filta. Filta mpya ni tupu, inameza kama robo lita au zaidi kidogo ukiwasha mara ya kwanza, kwahiyo ukimimina oili na kupima kabla hujawasha utaona iko juu, ukiwasha itashuka. Mimina pungufu ya kipimo, kwa 1NZ nasema anza na 3 na nusu, washa gari, taa nyekundu ya oili itakaa sekunde chache ndo izime, wala usikanyage mafuta hapo, iache ijaze filta taratibu. Ikipita kama sekunde kumi haijazima, zima wewe uangalie kuna nini. Ikizima iache iungurume dakika moja mbili huku unachungulia uvunguni kwenye filta na kwenye nati. Na hapo kwenye filta kuna kitu namsihi kila mtu: ukitoa ya zamani hakikisha ule mpira wake wa duara umetoka nayo. Ukibaki umeganda kwenye injini na wewe ukafunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira, unaweza kuendesha vizuri tu halafu barabarani unafyatuka na oili yote inaisha kabla hujajua.

Zima. Sasa subiri. Watu wengi hawasubiri, na hii ndo sababu kubwa ya mtu kuongeza oili isiyohitajika, maana injini ikizimwa oili bado iko juu kwenye kichwa cha silinda inateremka polepole, ukipima hapohapo itasoma chini, unaongeza, kesho yake asubuhi imezidi. Dakika tano ni kiwango cha chini, mie napenda kumi. Na gari iwe sehemu tambarare, sio pale getini kwenye mteremko, maana sampo ni kama sinia, ukiliinamisha maji yanakimbilia upande mmoja, na stiki inagusa sehemu moja tu.

Chomoa stiki, ifute yote na kitambaa kisafi kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho kabisa, chomoa tena. Ile ya kwanza haina maana, imeburuza oili kwenye kuta za lile bomba lake. Halafu oili mpya ni kama asali nyepesi, kwenye chuma huioni, mtu anaangalia anaona stiki kavu anaogopa anaongeza. Ilaze, usiisimamishe, iweke juu ya tishu nyeupe, ile tishu italowa mpaka pale oili ilipoishia na unaona mstari wenyewe. Na angalia pande zote mbili, ukiona upande mmoja uko juu mwingine chini, amini wa chini, ule wa juu ni oili iliyopakwa na bomba wakati unachomoa.

Alama ziko mbili, kwenye zingine ni L ya chini na F ya juu, zingine ni vitobo viwili. Kwenye injini nyingi za gari ndogo umbali kati yake ni kama lita moja. Kwahiyo ukiwa katikati umepungukiwa nusu lita kufika juu, na gari iko salama kabisa, nasema salama, sio kwamba iko hatarini. Mtengenezaji kakupa nafasi yote ile uitumie. Mimi nikifika robo tatu nafunga, sikimbizani na F. Ikipita F kwa unywele siwezi kulala uvunguni kwa ajili hiyo, ila ikipita kama nusu ya ule umbali wa alama, itoe, kwa sirinji au kwa nati. Na ikiwa chini ya L usiwashe, ongeza robo lita robo lita, kila ukiongeza unasubiri tena.

Dada pale nyuma ameuliza si kuna taa ya oili kwenye deshibodi, kwa nini tuhangaike na stiki. Swali zuri sana. Dada yangu, ile taa ya nyekundu haipimi wingi, inapima presha. Oili inaweza kupungua lita nzima na zaidi taa haijasema kitu, pampu bado inapata ya kuvuta. Ikianza kuwaka kwenye kona ujue pampu imeshaanza kuvuta hewa. Na ikiwaka unaendesha, zima injini pembeni hapohapo, usiseme nifike nyumbani.

Mzee wangu hapa mbele anasema yeye anapima asubuhi injini ya baridi, anakosea? Hapana mzee, kila siku pima saa ileile na hali ileile, ndo kinachotakiwa. Oili ikipata moto inatanuka, hizi lita 3.7 kutoka baridi mpaka joto la kazi zinaongezeka kama mililita 150, kwahiyo ya asubuhi itasoma chini kidogo kuliko ya moto iliyotulia. Ukijua hivyo huwezi kushtuka.

Lingine kabla hatujatoka, hizi gari zetu zimepita mikono mingi, stiki nyingine sio ya injini hiyo, ilivunjika mtu akachomeka ya gari nyingine. Siku ukibadilisha oili ndo siku ya kuikamata. Sampo imekauka vizuri, umeweka filta mpya na lita 3.7 kamili kwa kipimo, umewasha, umesubiri, oili ilipofika hapo ndo F yako, hata kama stiki inasema vingine. Piga msumeno alama ndogo, futa vumbi la chuma, rudisha. Na nyie wa pikipiki, kuna nyingi ambazo stiki iko kwenye kifuniko cha kukaza, hizo mara nyingi unaiweka tu juu ya tundu bila kuikaza ndo unasoma, na pikipiki isimame wima, sio kwenye stendi ya pembeni. Angalia kitabu chake.

Haya tutoke, gari imeshatulia vya kutosha. Kijana, chomoa. Futa. Rudisha mpaka mwisho. Sasa ilaze kwenye tishu, msogezee mama nae aone. Ipo wapi? Chini ya F kidogo tu, eeh. Upande wa pili? Palepale. Nani anasema tuongeze? Basi hatuongezi, hii nusu lita funga kifuniko weka kwenye buti, na kesho asubuhi mwenye gari achungulie uvunguni kama kuna tone, wiki ijayo avute stiki tena.