Jicho Lililotoboka na Konea ya Marehemu

Neema: Wasikilizaji wetu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na kwingineko, karibuni. Kaka Masanja, nimeomba leo tuzungumzie jicho lililotoboka, kwa sababu mjomba wangu wa Misungwi alirukiwa na kapi jichoni wakati wa kuvuna mpunga, akanunua matone dukani bila kupimwa, na matone yale yalikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe.

Masanja: Pole sana, dada. Kapi la mpunga huweza kuingiza fangasi, na steroidi hutuliza wekundu huku ikiwaachia fangasi nafasi ya kuila konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ambacho unene wake katikati ni kama nusu milimita tu.

Neema: Alfajiri moja alihisi machozi ya uvuguvugu yakimwagika ghafla, maumivu yakapungua, naye akadhani anapona.

Masanja: Kumbe konea ilikuwa imetoboka, na yale yalikuwa maji ya ndani ya jicho. Daktari huthibitisha kwa kupaka rangi ya manjano juu ya konea na kuitazama kwa mwanga wa bluu. Penye tundu huonekana kijito cha kijani kikiteremka. Mara nyingi ile sehemu ya jicho yenye rangi ya asili, inayoizunguka mboni, husogea ikaliziba tundu, na mboni iliyokuwa duara ikavutika upande mmoja.

Neema: Ndivyo lilivyokuwa lake. Alifunikwa kwa ngao ngumu isiyogusa jicho, tukakatazwa kulikandamiza. Je, kila tundu lahitaji konea ya mtu mwingine?

Masanja: La. Tundu la milimita moja au mbili laweza kuzibwa kwa gundi ya tiba, kisha lenzi laini ikawekwa juu yake. Likiwa kubwa zaidi, au kingo zikiwa zimeoza, gundi haina pa kushika. Hapo daktari huondoa sehemu iliyoharibika kwa kisu cha duara, kisha hushona mahali pake kipande cha konea ya marehemu kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, chini ya hadubini. Ni kazi ya subira kubwa, kwa sababu jicho linalovuja limelegea kama mpira uliotoka upepo.

Neema: Sisi tulitarajia kwamba ataona siku ileile.

Masanja: Hilo ndilo ningependa lieleweke: lengo la kwanza ni kuliokoa jicho lenyewe. Konea mbichi iliyotunzwa kwenye baridi hudumu hadi siku 14, na seli za tabaka lake la ndani, ambazo huifanya ibaki angavu, huwa bado hai. Iliyotunzwa katika gliserini haina seli hai, kwa hiyo hubaki na ukungu, lakini hukaa miezi mingi na huweza kuziba tundu barabara. Kwa mji ulio mbali na benki za macho, yaani vituo vinavyotunza konea za marehemu, naiona chupa ya konea ya gliserini kuwa hazina, kwa maana jicho linalovuja halisubiri ndege. Maambukizi yakiisha kabisa, konea mbichi yaweza kupandikizwa baadaye kwa ajili ya kuona.

Neema: Nayo hiyo mbichi ni adimu. Uchunguzi uliohusu hali ya mwaka 2012 ulikadiria kwamba duniani kote konea moja ilipatikana kwa kila watu 70 walioihitaji. Mama yangu aliniuliza iwapo marehemu huzikwa bila macho.

Masanja: Mama ameuliza jambo zito, na astahili jibu kamili. Mara nyingi huchukuliwa konea peke yake na ukingo mdogo wa weupe wa jicho, kipande kama kifungo cha koti, saa chache baada ya kifo na kwa ridhaa ya familia. Kope hufungwa, na wanaoaga hawaoni tofauti. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende.

Neema: Nitamweleza jioni hii. Mjomba alishonewa konea ya gliserini. Jicho lina ukungu mweupe na linatambua mwanga tu, lakini halivuji tena, na jina lake limeandikwa miongoni mwa wanaongoja konea mbichi.