Aliyesema Alikuwa Akisimama Tu: Kuwauliza Jamaa Zetu wa Gwaride la Heshima

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Marehemu mjomba wangu alipiga tarumbeta katika beni ya jeshi kwa miaka mingi. Kila tulipomuuliza habari za utumishi wake alitujibu kwamba hakupigana vita yoyote, na kwamba kazi yake ilikuwa kusimama na kupuliza. Tukaridhika na jibu hilo, tukaacha kuuliza. Naamini tulikosea, kwa kuwa jamaa anayesema alikuwa akisimama tu ndiye anayestahili kuketi nasi na kuulizwa kwa makini zaidi kuliko wengine.

Wako watakaosema kwamba hakuna haja ya kuuliza, kwa kuwa jeshi lina kumbukumbu zake. Lakini kumbukumbu hizo nazo hupotea. Mwezi Julai 1973, moto uliozuka katika hifadhi ya nyaraka huko St. Louis, Marekani, uliteketeza majalada ya askari yanayokadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na milioni 18. Na Uingereza ilipoteza sehemu kubwa ya majalada ya askari wake wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika mashambulizi ya mabomu ya mwaka 1940. Hata jalada lililosalimika hutupa namba, cheo na tarehe, basi.

Chukueni mfano wa Kaburi la Askari Asiyejulikana katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, Marekani, ambalo limelindwa usiku na mchana tangu mwaka 1937. Mlinzi hutembea hatua 21, hugeuka na kusimama kwa sekunde 21, hesabu inayolingana na ile mizinga 21 ya heshima ya juu kabisa. Hayo yameandikwa na yeyote anaweza kuyasoma. Lakini namna mlinzi anavyozihesabu sekunde hizo kichwani, na kinachomzuia asipunguze hatua hata moja saa nane za usiku, mvua inanyesha na hakuna anayemtazama, hayo anayajua yeye, na akifa bila kuulizwa huondoka nayo.

Katika mazishi ya Rais John F. Kennedy, tarehe 25 Novemba 1963, mpiga tarumbeta Keith Clark, aliyekuwa amesubiri kwa saa kadhaa kwenye baridi, alikwaruza noti ya sita ya wimbo wa kumuaga marehemu. Wengi walisikia kana kwamba tarumbeta yenyewe imeshikwa na kwikwi ya kilio. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba, nikatambua kwamba sikuwahi kumuuliza midomo huwa katika hali gani kwenye baridi, wala alikuwa akifanya nini ili asikosee mbele ya watu waliofiwa.

Mwaka 1901, farasi waliotakiwa kulivuta gari la mzinga lililobeba jeneza la Malkia Victoria walishindwa kazi pale Windsor, Uingereza, na mabaharia wakalikokota kwa kamba. Lililofanywa kwa dharura likawa desturi, hata mwaka 2022 gari hilo hilo, likiwa na jeneza la Malkia Elizabeth II, lilivutwa na mabaharia 142. Mtazamaji aliona mwili mmoja unaotembea, ilhali kila mmoja wao ana nyumbani kwao, na pengine siku nzima aliona kisogo cha mwenzake aliyemtangulia na utosi wa kofia yake. Habari za kisogo hicho ndizo zinazofaa kuulizwa.

Basi msianze kwa kumwambia mzee asimulie maisha yake jeshini, maana swali pana namna hiyo huleta jibu fupi. Mpeni mkononi glavu nyeupe, mkanda au picha ya kikosi, mwombe ataje majina kuanzia kushoto, nanyi myaandike kwa penseli nyuma ya picha wakati huo huo. Mwombeni awaonyeshe mguu sawa. Nimewaona wazee wasioweza kukumbuka walichokula asubuhi wakijinyoosha kwa amri hiyo, na hadithi ikafuata yenyewe, kwa sababu kumbukumbu za gwaride hukaa magotini na mabegani kabla ya kufika ulimini.

Kwangu imebaki ile sehemu ya tarumbeta inayoshika midomo. Ukingo wake umelika upande mmoja tu, wa kulia. Mjomba angenieleza sababu yake kwa sentensi moja.