Kituo Kimeuzwa, Kanda Ziko Wapi?

Mwenyekiti, asante. Wanafunzi, hamjambo? Mlioko nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Tangazo pale mlangoni linasema nitazungumzia mustakabali wa televisheni za mikoa. Sikuliandika mimi. Wanaonijua wanajua nimekuja na nini, na namwona mzee mwenzangu safu ya tatu ameshaanza kutabasamu. Nimekuja na kanda za video. Tena.

Mwaka ukikaribia kuisha, hapa Kampala hakukosekani uvumi kwamba kituo fulani kinauzwa. Utasikia watu wanaulizana: Kanunua nani? Ni mtu wa nani? Katoa ngapi? Yule dada wa taarifa ya saa tatu atabaki? Mimi swali langu ni moja, na huwa nachekwa: ufunguo wa chumba cha kanda, anakabidhiwa nani?

Nitaanzia mbali, Uingereza. Ndiyo, najua, kuna kijana hapo ananung'unika, "Mzee, Uingereza ya nini tena?" Vumilia, mwanangu. Kosa hili la kusahau kanda wenzetu walilifanya hadharani, na walikuwa na makarani wa kutosha wa kuliandika.

ITV, chaneli yao ya biashara iliyoanza mwaka 1955, haikuwa kampuni moja. Kila mkoa ulikuwa na kampuni yake yenye leseni ya muda. Sisi wa Uganda hili halitusumbui, maana ni kibanja tu, shamba unalolima kwenye ardhi ya mwingine. Masafa ni ya umma. Mwenye kituo analima, analipa busuulu, yaani kodi ya ardhi, anajenga hata ghorofa, lakini kyapa, hati ya ardhi, hana. Siku mwenye ardhi akisema basi, ni basi.

Sasa tarehe 28 Desemba 1980, katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya, watu wakiwa bado wamevimbiwa, mamlaka ya utangazaji ikatangaza: Southern Television, iliyokuwa hewani kutoka Southampton tangu 1958, kibanja kimekwenda. Mrithi ni TVS. Mna mwaka mmoja wa kufunga mizigo.

Mwaka mzima! Hebu fikirieni mmeambiwa mhame, halafu mrithi anakuja kupanga uani kwenu wakati bado mnapika. Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa TVS walikosa nafasi studioni, wakaweka vibanda vya muda kwenye maegesho ya magari ya Southern. Wa ndani wanatoka kula chakula cha mchana, wanapishana na wa vibandani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1981 Southern wakarusha kipindi cha kuaga, na humo wakatia wimbo wa kuwacheka wale wa vibandani. Mwisho nembo yao, nyota, ikaondoka polepole gizani, ikawa ndogo, ikapotea. Asubuhi mkoa ni wa TVS.

Aliyecheka hakujua, na aliyechekwa naye hakujua. Ikaja sheria ya 1990: leseni zitapigwa mnada kwa bahasha zilizofungwa. Matokeo yakatoka tarehe 16 Oktoba 1991. TVS iliahidi karibu pauni milioni 60 kwa mwaka. Ikakataliwa. Mamlaka iliona mtu anayeahidi busuulu kubwa kuliko migomba yake hatafika mavuno. Mkoa akapewa Meridian kwa pauni milioni 36.5. Wakati huohuo Central, yenye eneo lote la katikati ya nchi, ilipata leseni yake kwa pauni 2,000 kwa mwaka kwa sababu hakujitokeza mshindani. Elfu mbili! Mwenye duka Kikuubo, hapa kwenye maduka ya jumla, angekaa chini kwanza, acheke. Hadithi hii huwa naipenda mno, mwenyekiti ananijua, nisije nikalala humu.

Kanda sasa. TVS ilizima tarehe 31 Desemba 1992. Kampuni yenyewe ikauzwa kwa Wamarekani mwaka 1993. Wamarekani hao wakanunuliwa mwaka 1997 na kampuni nyingine, na hiyo nayo ikaishia mikononi mwa Disney mwaka 2001. Miaka kumi na moja ya vipindi vilivyotengenezwa Southampton na Maidstone ikawa mali ya watu wa California ambao pengine hawajui Maidstone iko upande gani. Na katika kuhamahama huko mikataba ikapotea. Nani alilipwa nini, haki ya nani inaishia wapi, haijulikani. Kanda zipo, karatasi hakuna. Na kanda isiyo na karatasi hakuna wakili atakayekuruhusu uirushe.

Usiku uleule jirani yao wa magharibi naye alizima. Huyo ni TSW wa Plymouth, aliyeahidi pauni milioni 16.1 akakataliwa kwa sababu ileile. Ila TSW, alipoingia mwanzoni mwa miaka ya 80, aliinunua nzima kampuni iliyomtangulia, Westward, pamoja na kanda zake za tangu 1961. Walikuwa na sungura mmoja wa kikaragosi aitwaye Gus Honeybun. Mtoto wa mkoa ule akitimiza miaka saba, jina lake linasomwa hewani, sungura anaruka mara saba. Miaka thelathini sungura anaruka! Mrithi hakumchukua. Lakini TSW, wakiwa wanaondoka, maktaba yao waliiachia mkoa wenyewe. Leo imehifadhiwa Plymouth, mahali panapoitwa The Box. Bibi wa huko akitaka kuona soko la samaki la utotoni mwake, ana mlango wa kubisha.

Vituo viwili vilikufa usiku mmoja. Kimoja kimeacha maktaba, kingine kimeacha kesi.

Umeme umerudi? Haya.

Sasa ya kwetu, na hapa sitataja jina, msiniulize hata nje. Nilikuwa mtunza kanda kwenye kituo fulani. Kikauzwa. Mwenye mali mpya akaja siku ya pili ya Januari, kijana mstaarabu kabisa, kavaa viatu vilivyong'aa. Akafungua chumba changu, akatazama rafu, akauliza, "Mzee, hivi ni nini?" Nikamwambia, hii ni miaka tisa. Akasema chumba kina dirisha zuri, kitafaa ofisi ya masoko.

Kanda zikatolewa verandani. Zilikaa siku nne. Mlinzi akachukua mbili, akawa anazuia nazo geti lisijifunge na upepo. Siku ya tano akaja mnunuzi wa vyuma na plastiki na mizani yake ya kuning'iniza. Niliona kwa macho yangu, jamani. Gunia likapandishwa, mshale ukasimama, akalipa bei ileile ya jerikeni zilizopasuka. Kanda za U-matic, zile kaseti kubwa za video za zamani, ni nzito, alifurahi sana. Nilikuwa na nauli tu mfukoni. Nikamwomba, akaniachia kumi na moja. Nikazipakia kwenye boda, sita mapajani, tano begani, kutoka hapo hadi Bwaise. Mwenye boda akaniuliza kama nahama.

Simlaumu sana yule kijana. Alinunua mnara, magari, leseni na jina. Kwenye karatasi ya mauzo kanda hazikuandikwa mahali popote. Kisichoandikwa ni takataka.

Kuna anayetaka kusema, "Mzee, sheria si ipo?" Ipo. Sheria yetu ya mawasiliano ya 2013 inamtaka mtangazaji atunze rekodi ya alichorusha kwa muda usiopungua siku 60. Siku sitini! Hizo ni za kumsaidia mtu aliyetukanwa apate ushahidi. Mjukuu wake hazimsaidii.

Mwingine atasema siku hizi kila kitu kiko YouTube. Mwanangu, akaunti ile ni ya nani? Nywila anayo nani? Kituo kikiuzwa mwakani, mwenye mali mpya akibadilisha jina na kufuta vya zamani, utamshitaki wapi? Angalau kanda ningeweza kuipakia kwenye boda.

Na msidhani kila mara tunapoteza. Pale UBC, warithi wa televisheni yetu ya taifa ya 1963, mwaka 2015 kabati lilifunguliwa likakutwa na negativu za picha kama 70,000, nyingi za enzi ya Amin. Zikaanza kusafishwa na kuingizwa kwenye kompyuta, na mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa Makumbusho ya Uganda. Nilikwenda. Watu walisimama mbele ya picha wakitafuta nyuso za ndugu zao. Kabati moja hilo, na lilipona kwa sababu hakuna aliyelihitaji kwa ofisi ya masoko! Lakini zile ni picha za kusimama. Sauti ziko wapi? WBS, kituo cha binafsi, ilipoingia mikononi mwa msimamizi wa madeni mwaka 2016, kila mtu alizungumzia kodi. Ninyi mliokua mkiitazama, nani kati yenu aliuliza kuhusu rafu?

Mwenyekiti ananionyesha kikaratasi. Dakika mbili. Nilitaka kusema juu ya kuhamia dijitali mwaka 2015, na vituo vya lugha za mikoa, TV West kule Mbarara na wengine. Tuviache. Kiswahili tu nitakigusa: tangu baraza la mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima, walimu wananijia wakitafuta sauti za Waganda wa zamani wakizungumza Kiswahili chao, kisicho cha Mombasa wala cha Dar. Nawaambia zilipimwa kwa mizani.

Isipokuwa hii. Hii hapa, mnaiona? Ni mojawapo ya zile kumi na moja. Lebo imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wangu: "Chumvi Katwe, wazee, 2." Ni wachimba chumvi wamesimama kwenye maji ya Ziwa Katwe, kule magharibi, hadi kiunoni, wanaeleza kwa Kiswahili jinsi wanavyogawana viwanja vya maji. Nakumbuka mmoja alikuwa anatukana vizuri sana. Ukungu umeanza pembeni, hapa, mweupe. Mashine ya kuichezesha sina, ya mwisho niliyoijua iliharibika mkanda wa ndani na fundi wake alishafariki.

Kama kuna mtu humu ana mashine ya U-matic, au mjomba wake anayo, hata kama imekaa stoo, nitakuwa pale mlangoni mpaka saa kumi na moja.