MNANIULIZA BINTI ALIINGIAJE MAABARA YA PROFESA, HAYA NAJIBU MARA MOJA TU

Haya wapendwa, habari za huko, leo nipo kwenye gari hata kilemba sijafunga vizuri naomba msinianze. Nimekuja kwa swali moja maana komenti zimezidi, tangu niposti ile picha ya binti na koti jeupe ni "mama, pale chuo unamjua nani?" Simjui mtu. Mimi nageuza wazee usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, profesa nitamjulia wapi? Na yule aliyeandika naringa, sawa naringa, ila sikiliza kwanza.

Huku Marekani programu zenye majina za kupeleka watoto wa shule maabara zipo. RSI, ile ya utafiti wakati wa kiangazi pale chuo cha MIT, ni wiki sita, ada hulipi wala malazi, lakini wanachukua wachache mno na sisi tunasikia wakati dirisha limeshafungwa. Za NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya kule Bethesda, zinataka raia au mwenye grinkadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na yetu ilikuwa bado kwenye foleni, basi hata mtoto awe na A tupu haisaidii. Halafu kuna za kulipia, maelfu ya dola, mtoto anakutanishwa na mtu wa chuo kwenye Zoom. Sisemi ni mbaya, sikuwa nayo tu hiyo hela.

Ikabaki kuwaandikia maprofesa imeili. Alituma 41. Za mwanzo zile za kopi na kupesti, "nimevutiwa sana na kazi yako", hakujibiwa hata moja na ningekuwa profesa nami nisingejibu. Kilichobadilisha ni sumukuvu, ile sumu inayotoka kwa fangasi wa kwenye nafaka. Mnakumbuka 2016, watu wakaugua na wengine wakafa Dodoma na Manyara kwa mahindi? Mama yangu yupo Kondoa, tukawa tunampigia kila siku mama tupa hayo mahindi, yeye anasema nikitupa nile nini. Binti alikuwa mdogo lakini anasikia. Sasa akamkuta profesa anayetafiti fangasi hao hao, akasoma andiko lake akaelewa nusu, akauliza swali la bibi yake: kuchambua mahindi kwa macho kunapunguza sumu kiasi gani? Mistari sita. Kesho yake akajibiwa.

Mkadhani hapo ndo mwisho eh. Mtoto chini ya miaka 18 kuingia maabara ni makaratasi: idhini ya mzazi, bima, chanjo, mafunzo ya usalama. Na fomu yangu ilirudishwa mara tatu, kisa jina langu na la mtoto hayafanani! Jina la mwisho la mtoto ni la babu yake mzaa baba, langu la baba yangu, Bongo nani anashangaa hilo? Nikalipa mthibitishaji wa nyaraka, notary, nikakosa shifti mbili. Na halipwi, aende kujitolea, mwezi wa kwanza anaosha chupa tu. Mimi nalipa parking.

Kilichoniuma zaidi ni Mtanzania mwenzetu hapa, tunakula naye pilau kila Krismasi, kumbe mwanae yupo maabara mwaka wa pili na alikaa kimya. Nilipomuuliza akasema "hukuuliza". Haya bwana.

Kaka yangu wa Moro najua unaangalia, umenitumia vyeti vya mwanao nimtafutie profesa huku. Siwezi kaka. Na usimpe mtu hela anayesema ataunganisha. Hapo mlangoni kwako kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, sumukuvu wanaitafiti, mtoto aandike mwenyewe, asiandikiwe na wewe maana wanajua. Shule yao iulize pia YST, mashindano ya wanasayansi chipukizi, yapo Bongo hapo hapo.

Ila haya ni yetu sisi, wa mwenzio anaweza kuandika mbili akajibiwa, mwingine 100 patupu, msije kuniambia mama ulitudanganya. Huyo binti anatoka maabara, na kile kitambulisho kasahau kukivua tena, ngoja arudi akirudishe kabla hawajatupigia.