Hoagie, grinder, zep: tengeneza mmoja, ujue na kuuagiza

Karibuni jikoni. Mlioko Marekani mnaujua mkate mrefu uliojazwa nyama na jibini. Wengi wanauita sub, na New York ni hero. Lakini yapo majina ambayo ukiyachanganya unaletewa chakula kingine kabisa. Tutengeneze mmoja, tuone jina linabadilikia wapi.

Tunaanza na hoagie ya Philadelphia, inayoliwa baridi. Pasua mkate ubavuni, lakini usiumalize. Acha upande mmoja ushike. Tandaza jibini ya provolone kwanza, ikinge mkate usilowe mafuta mapema. Juu yake panga salami na kapikola, nyama za nguruwe za Kiitaliano zilizokatwa nyembamba. Huli nguruwe? Weka nyama ya bata mzinga au jodari, bado ni hoagie.

Sasa kitunguu, na hapa usifanye haraka. Sogezeni macho: kila kipande kiwe chembamba mpaka uone kivuli cha kisu upande wa pili. Kikiwa kinene kitameza ladha zote. Fuatisha nyanya, saladi iliyokatwakatwa kama mchicha, chumvi, oregano, mafuta na siki kidogo. Mayonezi wapo wanaoweka. Mimi siweki.

Funga, gandamiza kwa kiganja, kata katikati. Mwaka 1992 Meya Ed Rendell aliitangaza hii kuwa sandwichi rasmi ya Philadelphia.

Nusu moja itoe saladi, uiingize kwenye oveni, nyuzi 400 za Farenhaiti, hadi jibini ianze kuchuruzika. Maeneo ya Philadelphia hiyo sasa ni grinder. Ila ukiwa Connecticut, grinder inaweza kuwa ya moto au ya baridi, kwa hiyo taja unavyoitaka.

Norristown, si mbali na Philadelphia, wana zep: nyama aina moja tu, yaani salami, pamoja na provolone, nyanya, kitunguu kingi, mafuta na pilipili. Saladi hakuna, na usiiombe.

New Orleans hata mkate ni mwingine, ganda linavunjika na ndani ni mwepesi. Ujaze kamba wa kukaanga, upate po' boy. Jina hilo linahusishwa na ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, waliowahi kufanya kazi kwenye tramu, wakawalisha bure wenzao katika mgomo wa 1929. Muuzaji akikuuliza “dressed?”, itikia tu: atakuwekea saladi, nyanya, achari ya matango na mayonezi.