Dakika 40 za Jumapili: Kutafuta Wateja wa Bustani Yenye Ndege na Vipepeo

Hamjambo wote, na wakubwa zangu shikamooni. Leo siko kitaluni. Niko Raskazone, hapa Tanga, kwenye bustani ya mteja, kaniruhusu nirekodi kabla jua halijawa kali. Wengi mmeniuliza: "Dada, wateja unawatoa wapi na wewe kutwa una reki mkononi?" Nawatoa kwenye dakika 40 za Jumapili jioni, na nusu dakika ya kila siku ya kazi. Zaidi ya hapo sina. Nina kijana mmoja wa kunisaidia, baiskeli mbili na toroli la kuazima.

Kwanza niwaambie nilipoumia. Mwaka nilioanza nilichapisha vipeperushi 200, vimeandikwa kwa herufi kubwa "Bustani Rafiki kwa Viumbe Hai". Nikavigawa stendi, simu isiite. Siku chache baadaye nanunua karanga Ngamiani, nafungiwa kwenye kipeperushi changu mwenyewe! Nilizila nikiwa nacheka, lakini zilinifunza. Mtu wa Tanga ukimwambia utamletea viumbe hai uwanjani kwake, anachokiona kichwani ni nyoka.

Basi hatua ya kwanza: jibu la nyoka liwe tayari kabla hujatangaza chochote. WhatsApp ya biashara ni ya bure na ina sehemu ya majibu ya haraka. Andika mara moja, lihifadhi, ukiulizwa unagusa tu linakwenda. Langu linasema hivi: "Kuizunguka nyumba naacha hatua tatu wazi, panafagiwa kama kawaida. Vichaka vya maua vinakaa mbali na ukuta. Vifusi, matofali ya zamani na marundo ya kuni tunaondoa, maana humo panya hujificha, na nyoka humfuata panya." Mteja akishalisoma, hata sauti yake kwenye simu inashuka.

Baada ya nyoka watakuuliza mbu. Beseni la ndege la maji linamwagwa na kusuguliwa kila baada ya siku mbili. Yai la mbu linahitaji kama wiki hivi mpaka litoke mbu anayeruka, kwa hiyo hapati nafasi. Na mjusi kafiri pale ukutani mwacheni jamani, anakula mbu na hadai mshahara.

Hatua ya pili, picha. Hapa nitakaa, maana ndipo kazi yote ilipo.

Sogea na mimi kwenye huu mndimu. Unaliona hili jani? Hicho kidude cheusi chenye baka jeupe ungeapa ni kinyesi cha ndege. Sasa namgusa kidogo na kijiti... eeh! Umeona zile pembe mbili za rangi ya chungwa zilizochomoza? Na harufu kali imenifikia hapa. Ni kiwavi. Akikua atageuka kijani, atajifunga kwenye kijiti awe pupa, na mwisho atatoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mnamjua, mmemuona toka utotoni, ila hamkujua kuwa amelelewa kwenye mndimu wenu.

Mwenye nyumba alinipigia nije na dawa. "Mwanangu, ndimu zangu zinaliwa." Nikamwambia, mama, mti umekomaa huu, majani mawili matatu hautayajua. Ungekuwa mche mchanga ningewahamisha kwa mkono. Nipe wiki chache tu. Akanipa. Tangu siku hiyo kila nikija napiga picha moja, jani lilelile, kutoka palepale, naiweka stetasi na neno moja au mawili. Ya kwanza niliandika "Kinyesi?" tu, basi. Jioni watu 9 wameuliza. Juzi mtu nisiyemfahamu, kapewa namba yangu na shoga yake, ananiandikia: "Samahani dada, yule mdudu kafikia wapi?" Huyo Jumamosi naenda kumpimia bustani. Stetasi inafutika baada ya saa 24, lakini anayesubiri ya kesho ataifungua mwenyewe.

Kwa ndege, usiwakimbize. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, akitua kwenye shubiri ukamnyemelea, keshakwenda. Geuza ndoo kifudifudi, egemeza simu juu yake, bonyeza rekodi, kisha nenda zako ukafagie. Mimi hufanya saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa nyuma ya simu. Katika dakika 10 utapata labda sekunde nne za chozi anayemetameta. Zinatosha. Muziki usiweke, acha sauti ya fagio isikike. Na geti la mteja lisionekane kama hajakuruhusu.

Hatua ya tatu ni ya mara moja: jiweke kwenye ramani ya Google, na andika namba yako kwenye kibao nyuma ya baiskeli. Mji huu wa baiskeli, foleni yote ya nyuma yako itasoma.

Hatua ya nne, majira. Nguvu yako ya kutangaza iweke Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mche ukiingia ardhini mvua zinapoanza, maji ni ya Mungu. Ukimpandia mtu katikati ya kiangazi ukakauka, mtaa mzima utajua ni wewe uliyepanda.

Kuna watakaokwambia, "Shamba boi wangu ananifyekea kwa bei ya soda." Usishushe bei. Mwambie shamba boi wake aendelee kufyeka, wewe njoo mara moja kwa mwezi na kona moja tu ya maua. Nusu ya wateja wangu walianza na kona.

Wenye nyumba za wageni nao wanapenda hadithi ya kusimulia mezani. Wape ya ua la Usambara, lile la zambarau linalokaa kwenye vyungu madirishani Ulaya. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku kwetu, mbegu zikapelekwa Ujerumani, na dunia ikalijua kwa jina lake, Saintpaulia. Huota kwenye mawe yenye kivuli, kwa hiyo mwekee barazani, si juani. Ila usiende kuling'oa msituni, limeshapungua. Nunua lililooteshwa.

Haya, betri imebaki asilimia 6 na kuna mama wa Barabara ya 12 ananisubiri na mrehani wake uliojaa nyuki. Anataka kujua kama wanauma. Nitamjibu nikifika.